Mbaruk wa Gazi na Sheria ya Bunduki

Mwishoni mwa muhula mmoja nilikuwa Kikoneni, upande wa bara wa Msambweni, nikizungumza na wanafunzi wa kidato cha nne juu ya historia ya pwani. Mazungumzo yalimhusu Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mtu wa Gazi, ambaye hutajwa miongoni mwa wale waliopinga utawala wa Waingereza walipoanza kuutandaza katika ardhi yetu. Nilipomaliza, kijana mmoja alingoja wenzake watoke, kisha akanieleza jambo lililokuwa likimkera. Nyumbani kwao, juu ya dari, lilikuwako korofindo kuukuu aliloliacha marehemu babu yake, ambaye alilitumia kufukuzia nguruwe mwitu shambani. Halikuwa na karatasi yoyote. Baba yake aliogopa kulipeleka kituo cha polisi, na aliogopa vilevile kuendelea kukaa nalo. Nikamwambia, pasi na kufikiri mara mbili, kwamba silaha isiyo na kibali yapasa ifikishwe mikononi mwa serikali. Ndipo kijana yule akaniuliza, kwa adabu kamili, iwapo Mbaruk naye alipaswa kufanya hivyo.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba zama zake zilikuwa nyingine na zetu ni nyingine, maneno ambayo mwalimu huyatumia anapotaka kukimbia. Tangu siku hiyo nimelitafakari swali lile, na naona haya kuliacha lipotee hivihivi. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu, na njia pekee ninayoiona ni kuyasimulia maisha ya Mbaruk mwenyewe kama yalivyokuwa, bila kumpamba na bila kumchafua.

Mbaruk alizaliwa katika ukoo uliokwisha kuonja utamu wa utawala na uchungu wa kunyang'anywa. Wamazrui walikuwa magavana wa Mombasa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18, na kwa muda mrefu walijitawala bila kuwajali sana wakubwa wao wa Omani. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa wa mwisho katika safu hiyo. Mwaka wa 1837 Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, aliingia Mombasa, na baada ya muda mfupi Rashid pamoja na wakuu wengine wa ukoo wakatiwa mbaroni kwa hila. Walisafirishwa hadi Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi, wakafungwa huko, na hawakurudi. Waliosalimika waligawanyika mikono miwili: wengine walikwenda kaskazini, wakakaa Takaungu, wengine walikuja kusini, wakakaa Gazi, na mtoto Mbaruk akawa miongoni mwao.

Atakaye kumfahamu Mbaruk na aanzie hapo. Mtoto aliyekua akijua kwamba baba yake alichukuliwa kwa hila na kufia katika kifungo cha ng'ambo hawezi kuwa mtu mwepesi wa kuiamini serikali inapomtaka aweke silaha chini. Mimi naamini kwamba mengi ya matendo yake ya baadaye yana mzizi wake katika msiba huo wa 1837.

Alipokuwa mtu mzima akawa mkuu wa Wamazrui wa Gazi. Kwa muda wa miaka mingi aliishi kwa kupatana na kukosana na watawala wa Unguja. Alipata kuwatii, akapata kuwaasi, akasamehewa, akaasi tena. Nguvu yake ilikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa watu, yaani jamaa zake, watumwa wake, watoro waliokimbilia kwake, na baadhi ya Wadigo na Waduruma waliofungamana naye. Ya pili ilikuwa bunduki na baruti, vitu vilivyoingia pwani kwa majahazi pamoja na nguo na shanga, na kuuzwa kwa yeyote mwenye pembe za ndovu au fedha. Mambo yalipomwia magumu Gazi, alipanda milima iliyo nyuma yake hadi Mwele, alikokuwa na ngome ya magogo ndani ya msitu mzito.

Mwaka wa 1882, baada ya kuushambulia mji wa Vanga, alifuatwa huko Mwele na jeshi la Sultani Barghash lililoongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews. Ngome ilizingirwa hata ikatekwa. Mbaruk mwenyewe aliponyoka, na haukupita muda mrefu akarudi tena katika mambo ya dunia kana kwamba hakikutokea kitu.

Hapa sina budi kuwaomba walimu wenzangu tuseme ukweli wote mbele ya wanafunzi. Bunduki za Mbaruk hazikuelekezwa kwa masultani na Wazungu peke yao. Watu wa Vanga walizisikia zikilia juu ya nyumba zao. Utajiri wa wakuu wa pwani wa wakati huo, naye akiwamo, ulitegemea kazi ya watumwa, na mtumwa alikamatwa na kulindwa kwa bunduki. Kuna masimulizi ya pwani yanayodai kwamba alikuwa akiwatesa maadui zake kwa kuwafukiza moshi wa pilipili. Siwezi kuyathibitisha, lakini kudumu kwake kunaonyesha kwamba wako waliomkumbuka kwa hofu. Nyumba yake ya Gazi iliwahi kufanywa shule, na wajukuu wa waliompenda na wa waliomwogopa wakasomea herufi zao humo.

Turudi kwenye siasa za wakati huo. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa mezani na kuigawanya nchi hii kwa mstari uliotoka pwani, karibu na mlango wa mto Umba, ukaelekea ziwa Jipe na Kilimanjaro. Wenyeji hawakuulizwa. Sultani aliachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani, kisha ukanda huo nao, kwa upande wetu, ukakodishwa kwa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888. Kampuni ilikuwa na ardhi kubwa na askari wachache. Kwa hiyo ilifanya kama walivyofanya masultani katika miaka ya amani: ilimlipa Mbaruk posho ili atulie, na ikawatumia watu wake. Basi yule aliyekuja kuitwa mwasi alikuwa kwa miaka kadhaa mtu wa kulipwa na wakubwa, na silaha zake zilihesabiwa kuwa halali maadamu alikuwa upande wao.

Ni katika kipindi hicho ndipo ilipotokea sheria inayotuhusu leo. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi na Unguja yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya bunduki. Walioutunga walisema kwamba biashara ya watumwa na vita vya makabila viliendeshwa kwa silaha, na kwa hiyo silaha zizuiwe. Katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, uingizaji wa bunduki za kisasa, risasi na baruti ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa masharti. Silaha zilizoruhusiwa ziliwekwa katika maghala yaliyosimamiwa na serikali. Mtu binafsi aliyetaka bunduki ya kisasa ilimpasa atoe dhamana kwamba hataitoa wala kumwuzia mwingine. Bunduki hiyo iliandikwa daftarini na kupigwa chapa, na mwenyewe alipewa kibali chenye jina lake na alama ya silaha yake. Kibali kilidumu miaka mitano, kikaweza kufanywa upya, na kikaweza kufutwa ikithibitika kwamba mwenyewe ameitumia silaha vibaya. Magobori ya gumegume na baruti ya kawaida yalilegezewa kidogo, kwa masharti.

Msomaji anayeifahamu sheria yetu ya leo ataona kwamba karibu mambo yote yaliyomo tayari yalikuwapo katika mkataba ule: jina la mwenyewe, alama ya silaha, muda wa kibali, na haki ya serikali kukifuta.

Lakini tuutazame mkataba huo kutoka Gazi. Waliouandika hawakujizuia wenyewe. Majeshi yao yalikuwa huru kuingiza bunduki za aina yoyote, pamoja na mizinga na bombomu za Maxim. Hapana shaka kwamba kuizuia baruti kulimpunguzia mkamata watumwa nguvu, na hilo lilikuwa jema. Lakini hapana shaka pia kwamba kulimpunguzia nguvu kila mtu ambaye angethubutu kupinga kuchukuliwa kwa nchi yake. Kheri na shari viliingia kwa mlango mmoja, na Mbaruk alikuwa na sababu ya kuiona shari kwanza.

Mambo yaliharibika mwaka wa 1895. Mwezi wa Februari alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu na jamaa yake Mbaruk. Maofisa wa Kampuni wakamweka mwanawe, Rashid bin Salim, waliyemwona kuwa rafiki yao. Mpwa wa marehemu, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid kama yule wa Gazi, aliona kwamba kwa desturi ya ukoo yeye ndiye mwenye haki kwa kuwa ni mkubwa. Akakataa kutii, akashambuliwa, akakimbia, na hatimaye akaja Gazi kuomba hifadhi kwa jina lake. Wakati huohuo Kampuni ilikuwa imefilisika, na ilipofika Julai serikali ya Uingereza ikaichukua nchi moja kwa moja. Mwakilishi wake, Arthur Hardinge, alimtaka mzee wa Gazi awatoe wageni wake.

Mzee hakuwatoa. Alikuwa ameishi miaka saba hivi kwa posho ya Kampuni, naye alijua vema nguvu za Waingereza. Alisita, akatuma barua, akatafuta njia ya kati, lakini kumkabidhi jamaa aliyekimbilia nyumbani kwake hakukubali. Mimi nauona uamuzi huo kuwa ndio ulio bora katika maisha yake. Mwana wa Rashid bin Salim, aliyetiwa mbaroni kwa hila, hakutaka kuwa mlango wa mwingine kutiwa mbaroni.

Vita vikaja. Mwishoni mwa Julai Waingereza waliingia Gazi na kukuta Mbaruk amekwisha kupanda Mwele. Tarehe 17 Agosti 1895 kikosi cha mabaharia na askari, chini ya Admirali Harry Rawson, kiliishambulia ngome hiyo na kuiteka. Mathews, yule yule wa 1882, alikuwapo, na alijeruhiwa. Uingereza iliwapa wapiganaji wake medali na kuchora jina la Mwele juu ya ukingo wake. Mwaka uliofuata Rawson huyohuyo aliipiga kwa mizinga jumba la Sultani pale Unguja, na mwaka wa 1897 akaongoza jeshi lililouteketeza mji wa Benin, huko Afrika Magharibi.

Kuanguka kwa Mwele hakukumaliza vita. Mbaruk na jamaa zake waligeuka kuwa wapiganaji wa msituni. Wakapiga na kutoweka, wakatokea Vanga, wakatokea karibu na Malindi, na nchi yote kutoka mpakani hadi Takaungu ikawa haina usalama. Vijiji vilichomwa na pande zote mbili, na wakulima wasiokuwa na bunduki ndio waliolala njaa. Waingereza walipoona wameelemewa, wakaagiza jeshi kutoka India. Wabaluchi waliwasili Mombasa Machi 1896, na katika muda wa wiki chache waasi wakasukumwa hadi mpakani.

Mwezi wa Aprili Mbaruk alivuka mstari ule ambao hakuna aliyemwuliza ulipochorwa. Huko Moa, pwani ya kaskazini ya Tanga, alijisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann pamoja na mamia ya wapiganaji na jamaa zao. Nao wakanyang'anywa silaha zao. Bunduki ambazo Mbaruk alikataa kuziweka miguuni pa Waingereza aliziweka miguuni pa Wajerumani, mbele ya mtu aliyeuvunja upinzani wa Abushiri mwaka wa 1889. Alipewa makazi Dar es Salaam, akaishi huko kimya, akafa mwaka wa 1910 bila kutawala tena Gazi.

Haya ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa nimrudie kijana wa Kikoneni.

Jibu langu la kwanza ni kwamba Mbaruk hakuwa na wajibu wa kuitii sheria ya Brussels kama sisi tulivyo na wajibu wa kuitii ya kwetu. Sheria ile ilitungwa mbali, na watu waliokuwa wakigawana nchi yake. Hakuwa na mbunge wa kumsemea, wala mahakama ya kukatia rufani, wala kura ya kuwaondoa waliomkosea. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, ina asili yake katika zama za ukoloni, hilo sikatai. Lakini leo imo mikononi mwa Bunge tunalolichagua, na imepata kurekebishwa. Atakayeona ina kasoro ana njia ya kuisemea pasipo kupanda mlima Mwele.

Jibu la pili ni gumu zaidi, nalo linatokana na maisha yake yenyewe. Bunduki isiyo na jina haijui ukombozi wala uonevu. Ileile iliyomlinda mgeni wa Gazi ndiyo iliyowatisha watu wa Vanga. Sisi wa Kwale hatuna haja ya kurudi karne ya 19 kulifahamu hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji, ambao baadhi yao walikuwa wamefunzwa katika msitu wa Kaya Bombo, walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari sita na kuiba bunduki zaidi ya 40. Zaidi ya watu 100 walikufa katika machafuko yaliyofuata, na maelfu kwa maelfu wakazihama nyumba zao. Waliowashawishi vijana wale walizungumza juu ya ardhi na haki za wenyeji, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Lakini bunduki hazikumrudishia Mdigo shamba lake. Ziliwafukuza majirani, kisha zikawaletea wenyeji msako uliowatesa wenye hatia na wasio na hatia.

Ndiyo maana ile alama na lile jina, ijapokuwa yaliletwa na watu wasiotutakia mema, ni mambo yanayofaa kuhifadhiwa. Chini ya sheria yetu hakuna ruhusa ya kununua wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho. Ni cha mtu, si cha ukoo, na hakirithiwi pamoja na shamba na minazi. Mwenye cheti yampasa akifanye upya, aitunze silaha mahali salama, na atoe habari ikipotea. Wenye vyeti nao hawaachwi walale. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha za leseni wajitokeze wachunguzwe upya. Na katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 nchi za eneo letu zilikubaliana kwamba silaha zitiwe alama na kuandikwa daftarini, safari hii kwa hiari yao zenyewe.

Hata hivyo, baba wa kijana yule hana hofu isiyo na msingi, na serikali nayo ina la kujifunza kwa Mbaruk. Mtu hutoa silaha anapoamini kwamba akishaitoa hatadhuriwa. Wamazrui wa 1837 waliamini, wakaishia Bandar Abbas. Ikiwa mkulima atapeleka korofindo la marehemu baba yake na kuwekwa rumande kwa kosa la kulileta, basi majirani zake wote watayazika ya kwao chini ya mikorosho, na hapo sheria itakuwa imejishinda yenyewe. Serikali imewahi kutangaza muda wa msamaha katika sehemu mbalimbali, na mwaka wa 2016 iliteketeza huko Ngong silaha zaidi ya 5,000 zilizokusanywa. Msamaha wa namna hiyo utangazwe mara nyingi zaidi, hata Kikoneni na Lunga Lunga, kwa lugha ambayo wazee wanaifahamu, na ahadi iliyotolewa itimizwe.

Kijana yule nimekwisha kumwandikia. Nimemshauri baba yake asilibebe korofindo begani na kuingia nalo kituoni, bali kwanza aende kwa chifu pamoja na mzee mmoja anayeaminika, au amwone wakili, aeleze lilikotoka, kisha lichukuliwe mbele ya mashahidi, na asiondoke bila karatasi ya kupokelewa. Nimemwambia pia asiache kumsoma Mbaruk. Mzee wa Gazi alikataa kumtoa mgeni wake, na kwa hilo anastahili heshima yetu. Alikataa vilevile kuwajibika kwa yeyote juu ya bunduki zake, na gharama ya hilo waliilipa watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Mtihani wa historia huwataka wanafunzi wachague kati ya shujaa na mwasi. Mimi ningewapa alama zote wale watakaoonyesha kwamba alikuwa yote mawili.